Jiwe la Nyuma ya Tairi

Zuwena mwanangu,

Habari za afya sikuulizi, maana mchana huu tumekula sahani moja na nimeona ulivyoumaliza ule ugali. Mzima wewe, mzima mimi. Nakuandikia ukiwa umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako, na shangazi zako nawajua, hawakuachii kabla ya magharibi. Nafasi ninayo. Mama yako yuko jikoni anakaanga maandazi ya safari, ukiyaona utadhani unahamia Kigoma na kikosi kizima. Ameniuliza, "Baba Zuwena, unaandika nini?" Nimemwambia naandika kitabu. Amecheka mpaka mwiko umemdondoka.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha, na kutomfungulia mtu mlango usiku, ameshakueleza yeye, tena kupita kiasi. Mimi siyagusi. Mimi nataka kukueleza habari ya hendibreki.

Najua utasema, Baba, si tumeimaliza jana? Tumeimaliza. Lakini jana nilikuwa na spana mkononi, na mimi nikishika spana mdomo hutoa sifa tu. Leo nimeshika kalamu, na kalamu ni nzito, huwezi kudanganya nayo haraka haraka.

Unajua mimi shule niliishia darasa la tano. Mwalimu alimwambia bibi yako kwamba kichwa cha mtoto huyu ni kizuri, tatizo hakikai darasani. Barabara ndiyo iliyonisomesha. Nimeendesha malori mpaka Bujumbura, Kampala na Lubumbashi, nimelishwa kwa lugha saba na kutukanwa kwa lugha tisa. Hapa Tabora mjini hakuna dereva wa rika langu anayeweza kunifundisha kitu, na hilo hata wao wanalijua, ila wana wivu. Sasa mtu wa namna hiyo, mwanangu, ameendesha kile kigari chetu miaka yote hii bila kuvuta hendibreki hata mara moja.

Sababu yangu umeisikia tangu ukiwa mgongoni kwa mama yako: Tabora ni tambarare kama sinia. Hendibreki ni ya watu wa milimani. Hapa mtu unazima gari, unaingiza gia, unatupia jiwe nyuma ya tairi, unakwenda zako msikitini. Na jiwe langu si jiwe la hivi hivi. Nililiokota njia ya Sikonge nilipokuwa nafuata asali, jeusi, lina ubapa upande mmoja, utasema fundi amelichonga akiwa amelipima na tairi. Wewe ulipoanza kutembea, kazi yako ya kwanza katika nyumba hii ilikuwa kupiga kelele "Jiwe! Jiwe!" kila nikiegesha. Majirani walidhani ndiyo jina langu.

Basi wiki iliyopita nikakukabidhi ufunguo wa gari uende nalo Kigoma, kwa maneno mengi kama kawaida yangu, ukaingia, ukakaa, ukarekebisha kioo, na ukafanya lile jambo ambalo humu ndani hakuna aliyewahi kulifanya. Ukavuta hendibreki. Ikalia tap! Mkono wa hendibreki ukalegea kama shingo ya kuku. Mimi, mbele ya watu waliokuja kukupongeza kwa kupata kazi, nikasema, "Haya! Gari hajaondoka nalo, ameshaanza kulivunja!" Watu wakacheka. Wewe ukashuka, ukaingia ndani.

Zuwena, hukuvunja kitu. Waya wa hendibreki hukaa ndani ya ganda lake, na usipotembea humo, maji yanaingia, kutu inaingia, unang'ang'ana na ganda. Wewe umeukuta umeshaoza. Haukukatika kwa sababu uliuvuta. Umekatika kwa sababu mimi sikuwahi kuuvuta. Watu waliocheka siku ile nimeshawaambia hivyo mmoja mmoja, nimebakiza yule wa duka la sukari kwa sababu ana maneno mengi.

Sasa nikupeleke Kigoma kabla hujafika.

Kisa cha gari na banda la dagaa nimekihadithia kila harusi ya ukoo huu. Namna gari, nililoliegesha mlimani kwa jiwe la kuokota pale pale, lilivyoondoka lenyewe bila dereva, kwa heshima, kama bwana harusi. Namna lilivyoingia bandani, dagaa wakaruka juu wakanishukia kichwani nikawa nimevaa kofia ya dagaa. Namna yule mama mwenye banda alivyotoka na ufagio akaniuliza, "Kwenu hakuna milima?" Nikamjibu, "Hakuna." Akasema, "Basi kaa kwenu!" Hapo ndipo watu hujishika mbavu, na mimi huongezewa pilau.

Kuna kipande huwa nakiruka, kwa kuwa hakichekeshi. Yule mama alikuwa amekwenda nyuma kuchochea moto. Kigoda chake kilikuwa chini ya bampa, vipande vipande, na kanga yake bado imekaa juu ya vile vipande. Alipomaliza kunitukana alikiangalia kile kigoda, akaangalia gari, akakaa chini mchangani. Mimi nilisimama na dagaa wangu kichwani, nikatafuta neno la kuchekesha, na ile ndiyo mara moja tu maishani mwangu nimetafuta nikakosa.

Na unajua nilirudi Tabora nikasema nini? Nikasema kosa ni la mawe ya Kigoma. Ya duara mno. Tangu siku hiyo nikawa nasafiri na jiwe langu mwenyewe kwenye buti. Hilo ndilo lilikuwa funzo nililotoka nalo! Dereva mzima, aliyefika Lubumbashi. Nilikuwa nimeshawaambia watu wengi mno kwamba Tabora haina haja ya hendibreki, nikaona nikiitengeneza watauliza kulikoni. Mtu akijisifu kwa jambo la kijinga, mwanangu, hulazimika kuulisha ujinga huo kila siku kama ng'ombe wa maziwa, na maziwa hayaoni.

Wewe unakwenda kupanga nyumba mlimani. Umenionyesha picha. Barabara imelala kama ngazi, na chini yake kuna watu na vibanda vyao. Uliposema, "Baba, siondoki na jiwe, naondoka na breki," nilinuna. Nilinuna kwa sababu nilikuwa nimeshaliosha.

Dukani pale kwa Masanja, kijana wa Ziba anayeuza spea, nilikwenda mikono mitupu. Uliniambia, "Baba, chukua ule wa zamani ukafananishe." Nikasema gari hili nalijua kuliko linavyojijua. Masanja akanisalimu, "Mwangaluka baba, unataka upi?" Nikampa jina la gari na mwaka, kwa sauti, ili na wateja wengine wasikie. Akanipa. Nikaja nao, tukaulaza uani kando ya ule mbovu, ukapungua shubiri nzima. Nikarudi. Masanja akasema, "Sasa baba, huu mbovu umekuja nao?" Nikasema, "Nimeona bora umwone marehemu mwenyewe." Akanibadilishia. Nikanunua wa gurudumu la kushoto peke yake, ndio uliokatika. Wewe ukasema wa kulia nao ununuliwe, wamezeeka pamoja. Nikasema, "Mke mmoja akiugua huwapeleki wote hospitali." Mama yako akanitolea jicho kutoka dirishani. Tulipofungua wa kulia tukakuta umebaki nyuzi tatu. Nikarudi kwa Masanja mara ya tatu. Safari hiyo hakunisalimu, alinisogezea kiti.

Lakini la kuandikia barua ni lile la magurudumu.

Kazi hii ina adabu yake, na mimi ndiye niliyekufundisha: fungua upande mmoja, umalize, ufunge, ndipo ufungue wa pili. Ndani ya dramu kuna viatu vya breki viwili, springi za juu, springi za chini, vijiti, na kila kimoja kimekaa kwa namna yake. Ukisahau, unakwenda upande wa pili ambao haujaguswa, unachungulia, unaiga. Upande mzima ndio mwalimu wa upande uliofunguliwa. Hayo nimewaambia vijana wengi wa gereji. Jana, kwa kuwa jirani zetu wawili walikuwa wamekuja kutazama, nikafungua pande zote mbili kwa mpigo. Dramu chini, viatu chini, springi zote kwenye sinia la mama yako moja. "Tazameni kazi!" nikasema. Wakatazama. Ilipofika kurudisha, nikashika springi ya bluu na springi ya kijani, nikaangalia kushoto, patupu. Nikaangalia kulia, patupu. Jirani mmoja akakohoa.

Wewe ukatoa simu. Ukasema polepole, bila kunitazama, "Baba, kabla hujafungua nilipiga picha."

Zuwena, mimi ile saa unapiga picha nilidhani unanipiga mimi. Ndiyo maana niliingiza tumbo ndani. Kwenye ile picha springi zimeonekana vizuri kabisa, na pembeni kuna mzee amejikakamua ameshika nyundo ambayo hakuwa na kazi nayo.

Ungeweza kunicheka mbele ya wale watu kama mimi nilivyokucheka wiki iliyopita. Hukucheka. Ulishika plaizi, ukasema, "Mimi nafanya huku, wewe fanya huko," tukafanya kazi. Nikakusikia unavyohema ukivuta springi kuinasa kwenye tundu lake, ile kazi inayochuna vidole, ukapata mara ya kwanza. Mimi nilipata mara ya nne. Naandika hili kwa sababu mdomoni halitatoka: uliponyamaza pale, nilijiona nimelea vizuri kwa bahati mbaya.

Tukapitisha waya mpya chini ya gari njia ile ile ya wa zamani, tukaupaka grisi, tukaukaza kwenye vishikio vyake usije ukagusa bomba la moshi, ncha tukaiingiza kwenye ndoano ya kiatu cha breki. Tukarudisha dramu. Hapo nikarudi tena kwenye tabia yangu. Ile nati ya kukazia waya, chini ya mkono wa hendibreki, nikaikaza mpaka ukivuta kidogo tu imeshika. Nikawaambia jirani, "Kali kama wembe!" Tukazunguka nayo mtaani. Tukanuka kuungua. Wewe ukasimamisha gari, ukashuka, ukasogeza kiganja karibu na rimu, ukasema, "Baba, inachoma. Breki haiachii."

Kweli haikuwa inaachia. Ulikuwa umeteremsha mkono wa hendibreki mpaka chini, lakini viatu vilikuwa bado vimekumbatia dramu. Kilomita moja zaidi tungekula vile viatu vyote. Tukarudi, tukapandisha jeki, tukalegeza nati kidogo, tukazungusha gurudumu kwa mkono, tukalegeza tena, mpaka likazunguka lenyewe bila kukwaruza. Ukivuta ikalia meno sita au saba, imeshika. Ukiteremsha, imeachia kabisa. Hiyo ndiyo breki nzima: kuachia ni nusu ya kazi yake. Jambo dogo, fundi yeyote analijua. Mimi nilikuwa nalijua. Lakini kuna vitu mtu unavijua kwenye spana tu.

Tukabaki na swali la mlima. Tabora unapata wapi mlima wa kujaribia breki? Tukaenda kile kiteremko cha njia ya bwawani, ambacho mtu wa Kigoma akikiona atakiita uwanja. Ukapanda nusu, ukasimama, ukavuta hendibreki, ukaweka gia huru, mguu bado umekanyaga breki. Mimi nikashuka na jiwe langu. Nikasimama nyuma ya gari, jiwe mikononi, tayari.

Ukatoa kichwa dirishani. "Baba, toka hapo nyuma."

"Wewe achia tu. Mimi niko hapa."

"Ndiyo maana nakwambia utoke."

"Likija nitalitupia jiwe!"

"Baba, likija litakukuta wewe kabla ya jiwe. Ukisimama hapo siondoi mguu. Tutalala hapa."

Vijana wawili wa baiskeli za mkaa wakasimama kututazama. Mmoja akasema, "Mzee, msikilize mama." Nilitaka kumjibu, nina majibu ya watu wa baiskeli tangu ujana wangu. Lakini nilikuona kwenye kioo cha pembeni. Ulikuwa umekunja uso vile vile ulivyokuwa ukikunja ukiwa mdogo ukipiga kelele za jiwe, na macho yako hayakuniachia. Nikaelewa kwamba huogopi gari. Ulikuwa unaniogopea mimi, na usingeweza kulijaribu gari lako mpaka nikupishe.

Nikatoka. Nikasimama kwenye majani, na jiwe langu. Ukaondoa mguu.

Halikusogea. Hata kucheua halikucheua. Limesimama pale kama ng'ombe wa Nzega aliyeona pumba. Nikapiga kelele, "Nilikwambia!" ingawa nilikuwa sijakwambia kitu.

Tulipokuwa tunarudi ndipo nikatangaza kwamba keshokutwa nakusindikiza mpaka Kigoma, nikuonyeshe mahali pa kuegesha, nionane na mwenye nyumba, niikague maabara unayokwenda kufanyia kazi kama darubini zake ni nzima. Uliendesha mpaka tukafika nyumbani. Ukasema, "Baba, nashukuru, lakini keshokutwa nataka niende mwenyewe." Mimi nikaanza: barabara hii hii ya Urambo na Kaliua babu wa babu yako aliipita kwa miguu na pembe ya ndovu begani, na upande wa bibi yako waliipita wakiwa juu ya punda wakihesabu shanga, sasa mtoto wangu apite peke yake bila mtu wa kumwangalia mizigo? Mama yako akasema kutoka jikoni, "Mwache mtoto, Baba Zuwena. Gari limepata breki, wewe unataka kuwa jiwe."

Nimekaa na neno hilo tangu jana. Mama yako huwa hasemi mengi, ila akisema anapiga penye nati.

Begi langu lilikuwa nyuma ya mlango, umeliona, ukajifanya hujaliona. Leo nimelifungua nimetoa nguo. Kanzu imerudi msumarini. Mswaki umerudi kwenye kikombe chake. Kwa hiyo Kigoma siji. Nimeandika hivyo ili nisiweze kubadili asubuhi kwa mdomo, maana mdomo wangu unaujua.

Naomba jambo moja, na hili si langu, ni la njia yenyewe. Wazee waliokuwa wakibeba mizigo, siku ya kwanza ya safari walikuwa hawaendi mbali. Walitoka mjini kwa ngoma na vigelegele, wakapiga kambi pale karibu tu, moshi wa nyumbani bado unaonekana. Aliyesahau kisu alirudi kukichukua. Aliyesahau kuaga alirudi kuaga. Kesho yake ndipo walipoondoka kweli. Mimi nadhani waliokuwa wakisindikiza nao walilala pale pale, wakarudi asubuhi, na ndiyo maana watu hawakufa kwa uchungu.

Basi kesho nipe kiti cha mbele mpaka pale mji unapoisha, njia ya Urambo, nyumba za mwisho kabla ya msitu kuanza. Sitasema neno juu ya namna unavyoendesha. Nitajaribu. Pale simama kando, vuta hendibreki, meno sita au saba. Mimi nitashuka, nitafungua buti na kutoa jiwe langu, ambalo nimelificha chini ya mfuko wa karanga za mama yako, samahani. Usishuke kunikumbatia, tutakumbatiana hapa nyumbani kama watu wenye akili. Nikishafunga buti nitatoka nyuma ya gari, nitasimama kwenye majani mahali unaponiona kwenye kioo. Ukiniona nimesimama pembeni, teremsha hendibreki mpaka chini kabisa, ukanyage mafuta.

Usiwe na wasiwasi jinsi nitakavyorudi. Nitatembea. Jiwe nitaliweka kichwani, sisi Wanyamwezi tumebeba vizito zaidi kwenye njia hii. Na watu wa Tabora unawajua, hawatanyamaza, watauliza, "Mzee, jiwe la nini tena?" Nitawaambia binti yangu amelirudisha, hana kazi nalo.

Baba yako,
Mrisho, dereva